Shajara ya mradi: himoglobini inapoushika utando

4 Machi

Nimeanza rasmi leo. Swali la mradi ni fupi: himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, inaushika utando wa seli yake kwa nguvu kiasi gani? Wengi tunafundishwa kama vile himoglobini imeyeyuka tu ndani ya seli, mithili ya sukari kwenye chai. Kumbe sehemu ndogo ya himoglobini hiyo hujishikiza kwenye protini iliyojichomeka katika utando, iitwayo bendi 3. Jina hilo limetokana na mahali inapotokea kwenye jeli ya kutenganishia protini, basi. Kazi yake ni kubadilishana kloridi na bikaboneti kati ya ndani na nje ya seli, na seli moja nyekundu ya binadamu ina nakala zake kama milioni moja. Mkia wake unaoning'inia upande wa ndani umejaa asidi za amino zenye chaji hasi. Hapo ndipo himoglobini hutua.

Nimelichagua swali hili kwa sababu ya mdogo wangu. Ana selimundu. Ugonjwa wote unaanzia kwenye badiliko moja: katika mnyororo wa beta, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Himoglobini ya namna hiyo huharibika upesi zaidi, na ikishaharibika hung'ang'ania bendi 3 na kuzikusanya mafungumafungu. Mwili unaziona seli hizo kama zimezeeka, unaziondoa. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20. Mama husema "damu ya huyu mtoto haikai", na amesema kweli bila kusoma kitabu.

Njia tutakayotumia ina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1977 Shaklai, Yguerabide na Ranney walipachika molekuli inayong'aa ndani ya utando wa seli nyekundu, wakatia himoglobini, wakatazama mng'ao ukififia. Heme, yaani kile kipande chenye chuma, huinyakua nishati ya molekuli jirani kabla haijatoka kama mwanga, mradi ziwe karibu. Na ukaribu wenyewe ni mkali sana, kwa sababu uhamisho wa nishati hutegemea umbali kwa kipeo cha 6. Kila jozi ina umbali wake ambapo nusu ya nishati huhama, aghalabu nanomita chache. Ukiuzidisha umbali huo mara mbili, kinachohama ni asilimia 1.5 tu. Kwa hiyo mwanga unaweza kutupimia umbali ambao hadubini ya kawaida haiuoni kabisa.

6 Machi

Kibali cha kutumia damu ya binadamu bado, nami sitaki kukaa nikisubiri. Nitajifunzia kwenye damu ya ng'ombe.

Nilifika machinjioni Vingunguti saa kumi na moja alfajiri, na kasha la barafu na chupa mbili zenye sitrati. Bila sitrati damu huganda kabla hujafunga kifuniko. Mzee mmoja wa pale alinitazama na koti langu jeupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Damu ya kufanyia nini?"

Nikamweleza: nataka kuona protini za damu zinavyoshikana. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi usikinge ile ya mwanzo, inachukua uchafu wa ngozi. Ngoja itiririke kwanza." Nikangoja. Ushauri wake nimeuandika ukutani maabara, maana kila nitakayemtuma huko atauhitaji.

Foleni ya Barabara ya Mandela kuanzia Buguruni hadi Ubungo ilikula saa nzima na nusu. Barafu ilistahimili.

11 Machi

Siku nne za kuandaa utando, na hapa nataka kuandika kwa kirefu kwa sababu ndiko mradi unakopona au unakokufa.

Unaziosha seli mara tatu katika maji ya chumvi yenye ukali sawa na wa damu, na kila mara unafyonza tabaka jeupe la juu, la seli nyeupe. Usilionee uvivu. Seli nyeupe zina vimeng'enya vinavyokata protini, na vikibaki vitaitafuna bendi 3 wakati wewe umelala. Kisha unazimimina seli katika bafa, yaani maji yanayoshikilia pH isibadilike, ya fosfati ya milimola 5 (kipimo cha ukolezi), pH 8, baridi kama barafu. Maji yanaingia, seli zinavimba, zinapasuka, himoglobini inamwagika nje. Unazungusha kwenye sentrifuji kwa g 20,000, yaani mara 20,000 ya mvutano wa dunia, unamwaga wekundu, unarudia. Kinachobaki ni utando mtupu. Hapa maabara tunauita maganda.

Mama anayetunza vifaa vyetu alinionyesha jambo nililolipita niliposoma maelekezo. Chini ya maganda, kwenye kitako cha tyubu, hujificha kidonge kidogo kigumu. "Inamisha tyubu hivi. Maganda yatateleza, kidonge kitabaki. Kifyonze ukitupe, mwanangu, humo ndimo walimo wezi." Wezi ni vile vimeng'enya. Tangu nianze kufyonza kidonge, jeli inatoa bendi 3 iliyo nzima, haina tena ule mkia wa vipande chini yake.

Baada ya kuosha mara tatu maganda yalikuwa bado ya waridi. Nilitaka kuendelea hivyohivyo, lakini spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, ilinizuia: kilele kilisimama wazi kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 415, saini ya himoglobini. Nikaosha mara ya nne, na ya tano. Yakawa meupe kama tui la pili. Hapo ndipo nikayakubali.

19 Machi

Molekuli ya kung'aa imefika: asidi ya steariki iliyobebeshwa antrasini, kipande kinachong'aa. Kwa sababu ni mafuta, hujichomeka yenyewe kati ya mafuta ya utando. Tumeipa jina la kimulimuli. Unaimulika kwa nanomita 365, nayo inatoa buluu kwenye maeneo ya 450.

Spektra ya kwanza, yaani mchoro wa mng'ao kwa kila urefu wa wimbi, ilinifurahisha, halafu ikanitia wasiwasi. Pembeni ya mlima mkubwa palikuwa na kinundu kidogo kwenye 417. Kiko karibu sana na 415 ya himoglobini, nikaanza kujiuliza kama kuna mabaki niliyoyakosa. Nikapima bafa tupu, isiyo na utando wala kimulimuli. Kinundu kipo. Nikashusha mwanga wa kumulikia kutoka 365 hadi 355. Mlima haukusogea, kinundu kikahamia 404.

Basi hayo ni maji. Mwanga unapogonga molekuli za maji, sehemu ndogo hurudi ikiwa imepoteza nishati ya kiasi kilekile kila mara, ule mtawanyiko aliouripoti C. V. Raman mwaka 1928. Kwa hiyo kilele cha maji hufuata mwanga unaoingia popote uendapo, ilhali mng'ao wa kweli hubaki mahali pake. Kuanzia leo kila kipimo kitapigwa kwa mwanga wa kumulikia wa urefu wa mawimbi wa aina mbili, na spektra ya bafa tupu itatolewa kwanza. Ni dakika kumi za ziada kwa sampuli. Nitazilipa.

27 Machi

Nimetia himoglobini! Nimepanda polepole hadi mikromola 3, na mng'ao umeshuka hadi karibu nusu. Mchoro ni laini kabisa. Nimempigia msimamizi simu usiku.

28 Machi

Msimamizi ameutazama mchoro, akauliza swali moja: "Na ufyonzaji wa sampuli yenyewe ulikuwa ngapi?" Sikuwa nimeupima.

Himoglobini ni nyekundu kwa sababu inakula mwanga. Mikromola 1 ina heme mikromola 4, na kiasi hicho kinatosha kuleta ufyonzaji wa 0.5 kwenye 415. Inakula pia mwanga wa 365 kabla haujamfikia kimulimuli, kisha inakula buluu yake ikiwa njiani kutoka. Hapo hakuna aliyemgusa mwenzake. Ni kama kuiwasha taa ndani ya chumba ukalifunika dirisha kwa kitenge: aliye nje ataona giza, lakini taa iko vilevile.

Nikarudia sampuli zote leo, safari hii nikipima ufyonzaji. Kwenye mikromola 3: 0.36 kwa mwanga unaoingia, 0.18 kwa unaotoka. Hesabu ya kusahihisha ni hii: jumla 0.54, nusu yake 0.27, na 10 kwa kipeo cha 0.27 ni 1.86. Zidisha mng'ao ulioshuka kwa 1.86 na unarudi ulikoanzia. Wote. Mchoro wangu laini ulikuwa mchoro wa kitenge.

Kulikuwa na kosa la pili chini ya la kwanza: maganda niliyaacha kwenye bafa yake ya pH 8. Kwenye pH hiyo himoglobini na mkia wa bendi 3 zote zina chaji hasi, zinasukumana. Mshikano wenye nguvu wanaouripoti wale wa 1977 uko kwenye pH 6 na chumvi kidogo, ambako himoglobini imekuwa chanya. Nilikuwa natafuta ndoa mahali ambapo wawili hao hawakai hata chumba kimoja.

Nimeumia, siwezi kuficha. Lakini bora kitenge kimeonekana Machi kuliko mbele ya watahini.

2 Aprili

Mpango mpya. pH 6.0, fosfati milimola 5, na himoglobini ya nanomola. Hesabu ndiyo iliyonipa moyo: maganda milioni 10 kwa mililita, kila moja likiwa na nafasi milioni moja kama kwa binadamu, ni nanomola 17 hivi za mahali pa kushika. Mshikano ukiwa mkali, nanomola makumi kadhaa za himoglobini zinatosha kuujaza utando. Kwa nanomola 50 ufyonzaji kwenye 415 ni 0.025, na kwenye 365 ni mdogo zaidi. Kitenge kinakuwa chandarua chepesi.

9 Aprili

Hakuna kitu. Mng'ao haukutikisika, si kwa nanomola 20, si kwa 50, si kwa 100.

Masika imeshika, na Jumatatu umeme ulikatika kuanzia asubuhi hadi alasiri. Maganda yalikaa kwenye joto la chumba, na chumba chetu bila kiyoyozi kinapita nyuzi 30. Nilidhani protini zimeoza, ila jeli inaonyesha bendi 3 iko sawa. Nimelala na swali hilo siku mbili.

10 Aprili

Jibu limetoka kwenye maji. Siku ile ya umeme chujio la maji lilikuwa limesimama, nikachota kwenye dumu la akiba kutengenezea bafa. Leo nimelipima: linapitisha umeme kupita kiasi. Lilikuwa na maji ya kisima, na maji ya kisima ya huku yana kalsiamu na magnesiamu.

Ioni hizo, hata kwa sehemu ya milimola, pamoja na joto, huyafunga maganda. Tundu lililoachwa na kupasuka linajiziba, na uso wa nje unabaki nje. Mkia wa bendi 3 uko ndani. Himoglobini yangu ilikuwa inazunguka nje ya nyumba iliyofungwa milango, na mimi namlaumu mwenyeji kwa kutompokea mgeni.

Nimelichota mimi lile dumu, na sikuweka lebo. Sasa madumu yote yana lebo, maji yanapimwa kila asubuhi, bafa ina EDTA ya kuzikamata ioni, na maganda hayatoki kwenye barafu mpaka dakika ya kupimwa.

Alfajiri narudi Vingunguti.

16 Aprili

Maganda mapya, meupe, yaliyo wazi. pH 6.0. Nimeanza na nanomola 5.

Mng'ao umeshuka. Nimetia 10, ukashuka tena. 20, 30, 40. Kisha hatua zikaanza kuwa fupi, kama mtu anayejaza kibaba na sasa anaona ukingo. Kwenye 80 umekaribia kutulia. Marekebisho ya ufyonzaji ni madogo kiasi kwamba mchoro uliosahihishwa na usiosahihishwa umelaliana. Sikumpigia mtu simu. Kitenge kimenifunza kwamba giza peke yake halisemi nani amemshika nani.

Kwa hiyo nikafanya kile nilichokipanga tangu tarehe 28 Machi. Kuveti, kile kichupa cha kupimia, ilikuwa na mililita 2. Nikadondoshea mikrolita 100 za chumvi ya kawaida, mola 3, ili ifike karibu milimola 143. Chumvi hujipanga kati ya chaji chanya na hasi, ikazifichiana. Kama himoglobini imeshikwa kwa chaji, itaachia. Himoglobini yote bado imo kuvetini na ufyonzaji wake ni uleule, lakini iko mbali na utando.

Mstari kwenye skrini ukapanda. Nilikuwa nimesimama. Mama wa vifaa alikuwa mlangoni akifunga, akauliza kuna nini, nikamwonyesha tu kidole. Ukapanda na kukaa chini kidogo ya ulipoanzia. Sehemu ya pengo hilo naijua: mikrolita 100 zimeizimua sampuli kwa asilimia 5 kasoro. Sehemu nyingine siijui bado.

24 Aprili

Wiki ya kujikatalia. Je, chumvi yenyewe haimpandishi kimulimuli? Kundi lake la asidi lipo karibu na uso wa utando, na linasikia pH na chaji. Nimepima maganda yenye kimulimuli bila himoglobini, nikatia chumvi ileile. Mng'ao uligeuka kidogo sana ukilinganisha na ule mpando wa tarehe 16. Jambo hilo limefungwa.

Mwenzangu alishauri tulinganishe na protini isiyo na rangi, akataja albumini kwa kuwa tunayo kwenye jokofu. Nilikubali, nikafika hadi kuipima kwenye mizani, ndipo nikakumbuka kazi ya albumini katika damu: kubeba asidi za mafuta. Kimulimuli wetu ni asidi ya mafuta. Albumini ingemvuta atoke kwenye utando, mng'ao ungebadilika, nasi tungeandika kurasa kumi kuhusu mshikano usiokuwepo. Saitokromu c nayo haifai: ina heme, na chaji yake chanya huipeleka kwenye utando wowote wenye chaji hasi. Kwa sasa kipimo cha chumvi, pamoja na cha pH 8, ndivyo ninavyoviamini zaidi. Protini ni ileile na rangi ni ileile. Kilichobadilika ni kushika na kuachia.

Pia nimeanza kufunga mlango wa mwanga kati ya kipimo na kipimo. Antrasini huchoka ikimulikwa muda mrefu, na kuchoka kwake kunafanana mno na himoglobini kushika.

6 Mei

Ng'ombe watatu, asubuhi tatu tofauti, maandalizi matatu. Mara zote tatu mng'ao umeshuka kwenye pH 6.0, umerudi kwa chumvi, na haukutikisika kwenye pH 8. Mteremko wa ng'ombe wa pili ni mpole kuliko wa wengine. Maganda yake yalioshwa mara nne tu kwa sababu sentrifuji ilihitajika na mwingine, na 415 yake haikuwa safi; nadhani nafasi fulani zilikuwa tayari zimekaliwa na himoglobini ya zamani. Sitaufuta mchoro huo. Nitauweka na maelezo yake, kisha niandae wa nne.

Siwezi kuchukua namba za ng'ombe nikazibandika kwa binadamu. Mpangilio wa asidi za amino kwenye mkia wa bendi 3 haufanani kati yao, na utando wa ng'ombe wenyewe ni mwingine: kati ya mafuta yake, una sfingomielini nyingi na karibu hauna fosfatidilikolini, tofauti na wetu. Kilichojengwa miezi hii miwili ni mikono yangu na vipimo vya kujikagua.

Kibali cha maadili kimetoka leo mchana. Kinaruhusu mililita 5 kwa kila mtu aliyekubali, himoglobini ya kawaida na ya selimundu, bila majina. Mdogo wangu ameuliza kama anaweza kuwa mmoja wao. Nimemjibu kwamba haruhusiwi kwa sababu mimi ni ndugu yake, na nisingeweza kumpima kama ninavyompima mwingine. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitawaambia wenzangu wa kliniki."

Bafa ya wiki ijayo: lita 4, fosfati milimola 5, EDTA, maji yaliyopimwa. Sitrati ipo. Kasha la barafu nimelisugua na kulianika.